Filimbi za Mzee Philbert

Mafinga, 9 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi ukungu uliteremka kutoka msitu wa Sao Hill ukaujaza uwanja wa karakana, rundo la mbao likapotea kabisa. Baba alitoka kwenda misa ya saa kumi na mbili. Nilimwona hatua tano, kisha kofia yake tu, kisha sikuona kitu. Nikabaki nasikia viatu vyake vikitembea ndani ya weupe ule, kama vya mtu aliye ndotoni.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya mwalimu Asukile. Anafundisha muziki sekondari moja Mbeya, na amemwagiza baba filimbi sita za mti, za matundu sita, zisizo na kifungo cha chuma hata kimoja. Anataka wanafunzi wake wapige nyimbo za nchi mbalimbali kwa chombo kimoja. Atakuwa ananitumia nyimbo hizo kwenye simu, mimi nizijaribu ili nijue kama filimbi zetu zinaziweza. "Andika kila unachosikia, dada Kalista," aliniambia. Basi nimeanza. Filimbi zinatakiwa siku ya wazazi, tarehe 10 Agosti.

12 Mei

Niandike ukweli, maana hapa hakuna atakayesoma. Baba hasikii.

Miaka arobaini amesimama mbele ya mashine za kupasua mbao. Sauti nene anazipata ukimsogelea sikio la kushoto. Nyembamba hazipo tena kwake: ndege, kengele ya baiskeli, maji yanayoanza kuchemka. Na filimbi, kuanzia nusu kwenda juu. Mwenyewe anasema anasikia vizuri tu, sisi ndio tunaonong'ona.

Hizi filimbi alizianza akiwa kijana, padri mmoja Mwitaliano alipomletea ya kwake iliyopasuka. Baba aliiziba, akaipima kwa uzi na rula kabla ya kuirudisha, akakereza ya kwake. Tangu hapo amezikereza zaidi ya mia mbili, na watu wanazifuata kutoka mbali.

Miaka miwili sasa, kila anapomaliza filimbi, nangoja aende misa. Naipiga. Sauti za chini ziko sawa. Za juu zimelegea, kama kamba ya nguo isiyokazwa. Nachukua kisu kidogo na tupa ya duara, nakwangua ukingo wa ndani wa matundu, kidogo kidogo, mpaka zipande. Napuliza unga wa mti, nafuta. Anaporudi filimbi iko palepale alipoiweka.

Hajui. Naomba asijue.

14 Mei

Baridi. Baba amekereza bomba la kwanza. Mikono yake haijazeeka.

18 Mei

Wimbo wa kwanza wa mwalimu ni wa Ireland. Nimeusikiliza nimekaa juu ya magogo, simu sikioni. Ni mbio, lakini mbio za anayejua njia, moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, kama punda anayerudi nyumbani akiwa ameshatua mzigo. Kumbe wale hawagongi ulimi kila sauti kama tulivyofundishwa kwaya. Pumzi inakwenda moja, vidole ndivyo vinavyokata. Kidole kinainuka na kurudi kabla sauti haijajua kilichotokea, kama mtu anayefukuza nzi huku anaendelea kuongea.

Nimejaribu kutwa nzima. Kidole changu cha pete ni kizito kama mchi. Jioni baba alipita, akanitazama mkononi, akasema, "Legeza kiwiko." Nikalegeza, kidole kikawa chepesi. Alijuaje, na hakuwa anasikia?

19 Mei

Pentekoste. Kwaya iliimba vizuri. Baba aliimba wimbo mwingine.

26 Mei

India. Kule wanatumia mwanzi, lakini matundu ni sita vilevile na mti unakubali. Wimbo huu hauendi popote. Unakaa kwenye sauti moja mpaka unadhani utaichoka, halafu unagundua hujaichoka. Kutoka sauti moja kwenda ya pili hawaruki, wanateleza. Kidole hakinyanyuki, kinabingirika kwenye ukingo wa tundu polepole, na sauti inapanda kama ukungu unavyopanda kwenye misindano ya Sao Hill, huwezi kusema umeanzia wapi.

Niliupiga mlangoni saa mbili asubuhi, jua likiwa bado duara jeupe tu. Lori la magogo lilisimama barabarani, dereva akashusha kioo, akasikiliza, akaondoka. Baba alikuwa nyuma yangu anapiga msasa. Sauti zile ni za chini. Nadhani aliupata, maana msasa ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa wimbo.

1 Juni

Kuba. Huu ni msiba wangu.

Ni muziki wa dansi. Kuna violini, kuna ngoma, na filimbi ya mti inaruka juu ya zote kama mbayuwayu juu ya paa. Haishuki. Yote inapigwa kule juu kabisa, ambako ukikosea unywele mmoja kila mtu anajua. Nimejaribu kwa filimbi ya kwanza, niliyokwisha kuikwangua kwa siri, ikaweza. Ya pili imekamilika leo jioni. Nitaijaribu kesho baba akienda misa.

2 Juni

Haikuwezekana. Alfajiri baba aliniamsha, koti mwilini. "Twende Rujewa. Mwigulu anang'oa nguzo za zizi."

Mpingo wetu umekwisha. Mwigulu ni rafiki yake, Msukuma ambaye baba yake alihamia Usangu na ng'ombe zamani. Zizi lao la zamani lilijengwa kwa nguzo za mpingo, zimekauka jua la miaka thelathini. Hakuna mti mzuri kuliko huo kwa filimbi. Nilipanda basi nusu usingizini. Tulipokwisha kufika Igawa ndipo nikaona filimbi ya pili imechomoza mfukoni mwa koti la baba.

"Ya nini hiyo?" nikamwambia sikioni.

"Mwigulu aipime. Ana mdomo mzuri."

Nilitaka kuiomba, nikakosa sababu.

3 Juni

Naandika ya jana.

Rujewa kulikuwa na joto, na mpunga ulikuwa wa dhahabu mpaka upeo wa macho. Watu walikuwa wanavuna, wengine wanapiga mpunga kwenye maturubai, na vumbi lake lilikuwa limesimama hewani kama moshi wa ubani. Baada ya ukungu wa kwetu nilihisi nimeingia katika ndoto ya mtu mwingine.

Mwigulu alitupokea uwanjani kwake. "Mwangaluka, mzee Philbert!" Baba akaitika kwa Kisukuma chake cha kuazima. Mke wa Mwigulu, Minza, akatuletea maziwa mgando. Nguzo zilikuwa zimelazwa kando, nyeusi, zimechubuliwa na migongo ya ng'ombe.

Baba akatoa filimbi. Mwigulu akaifuta kwa kiganja, akapiga wimbo wa kuitia ng'ombe. Ulianza chini, mpana, sauti mbili tatu zikizungukana, na baba akatabasamu akitikisa kichwa. Hiyo aliisikia. Halafu wimbo ukapanda. Mwigulu akaacha. Akarudia. Akaacha tena, akaitazama filimbi kama mtu aliyetafuna mchanga.

"Mzee," akasema kwa sauti kubwa, maana anajua sikio la baba, "hii haijaiva."

"Haijaiva?"

"Juu imelala. Ngoja." Akaingia ndani, akatoka na filimbi aliyoinunua kwetu mwaka jana. Akapiga wimbo uleule. Ulipanda juu, ukakaa pale, safi. "Umesikia? Hii ya mwaka jana imesimama. Hii ya leo imelala."

Nilimchukia wakati ule. Nilisema moyoni, mtu asiye na adabu, kwa nini asinyamaze kama sisi wote?

Baba akanyoosha mkono. Alizichukua zote mbili, akaweka kidole kidogo ndani ya tundu la kwanza la ile ya mwaka jana, akapapasa ukingo wake kwa chini. Tundu la pili. La tatu. Alifanya hivyo mpaka la sita, macho ameyafumba. Halafu akapapasa ile mpya. Halafu akanitazama.

"Nani amekwangua humu?"

Minza alikuwa ameinama kunijazia kikombe. Niliyatazama maziwa. Baba alinywa maziwa yake yote, akashukuru, akamsaidia Mwigulu kufunga nguzo tatu kwenye fuso la mpunga lililokuwa linakwenda Makambako. Njia nzima alitazama nje.

4 Juni

Hajasema kitu.

5 Juni

Hajasema kitu. Amezikata nguzo vipande vinane, vizuri, kwa msumeno wa mkono.

7 Juni

Mvua ya manyunyu. Leo hakwenda misa. Nilimtengea chai, akainywa. Nilikaa upande wa sikio la kushoto nikasema, "Baba." Akahama, akakaa upande wa pili wa meza.

10 Juni

Nilipoamka ufunguo wa karakana ulikuwa juu ya meza, juu ya karatasi yenye maneno manne: *Nipo Chimala kwa dada.*

Nimefungua karakana. Ukungu ukaingia pamoja nami. Mashine ya kukereza ameifunika shuka, kama anavyofunikwa maiti.

13 Juni

Mwalimu Asukile amepiga simu, akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Ugonile, dada! Kazi inaendaje?" Nikasema inaendelea. Kwa nini mdomo wangu ni mwepesi hivi kwa uongo?

Zipo filimbi mbili, bado nne. Nimemwona baba akizitengeneza tangu utotoni, na miaka mitano hii, tangu mama alipofariki nikarudi kutoka Iringa, nimesimama naye karakanani kila siku. Najua kila hatua. Nitazimaliza mwenyewe.

17 Juni

Kipande cha kwanza: keekee ya kutobolea ilipinda ndani, ikatokea ubavuni.

19 Juni

Sakitu. Majani yote meupe, na matone kwenye nyaya za umeme yameganda. Kipande cha pili kimepasuka mashineni, kikarusha kibanzi kikanichana shavu. Si sana.

23 Juni

Kipande cha tatu nilikitoboa polepole, kikawa kizuri. Nikakikereza, kikawa kizuri. Nikaweka matundu, nikapuliza. Kililia! Nilicheka peke yangu. Nikakiweka juu ya meza nikaenda kupika. Niliporudi kilikuwa na ufa kutoka mdomoni mpaka mwisho, mwembamba, mnyoofu, kama mstari wa rula.

Nimeketi na vipande vile vitatu mapajani mpaka makaa yakazimika. Masikio yangu yalijua kila kitu kilichoharibika. Mikono yangu haikujua kwa nini.

27 Juni

Wiki yote sijashika chombo. Leo mwalimu ametuma wimbo mwingine, wa upande wa magharibi wa Ufaransa, wa watu wanaocheza wameshikana vidole vidogo, mstari mrefu. Mmoja anapiga kipande, na kabla hajamaliza mwenzake anaingia juu ya sauti zake za mwisho, wanakwenda pamoja hatua mbili, halafu wa kwanza ananyamaza avute pumzi. Halafu zamu inageuka. Hivyo wimbo haukatiki, na hakuna anayechoka.

Nimejaribu kuupiga peke yangu. Hauwezekani peke yako.

29 Juni

Kesho nakwenda Chimala.

1 Julai

Shangazi Verediana anauza mchele pale sokoni, karibu na barabara kuu. Nilipofika alikuwa anapima mteja. "Kamwene," akanisalimu bila kuinua kichwa, kama vile niliondoka asubuhi ileile. "Yuko nyuma. Ananishonea magunia. Sijawahi kushonewa magunia mazuri hivi, hata kuyauza naona vibaya."

Baba alikuwa amekaa juu ya kiroba, sindano ndefu mkononi. Mishono yake ilikuwa sawa kama meno ya kitana. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Alikitazama kidonda cha shavuni. "Mpingo?"

"Mpingo."

"Mti ulipata moto."

Nikatoa vile vipande vitatu kwenye mfuko, nikaviweka mbele yake. Akavipokea kimoja kimoja, akavigeuza. Cha ufa alikishika muda mrefu.

"Hiki ulikimaliza siku moja?"

"Ndiyo."

"Mpingo ukishatobolewa unaupaka mafuta, unaufunga kwenye kitambaa, unauacha siku kumi usahau. Ukiona joto mashineni unazima, unakwenda kunywa chai. Hukuniona nikinywa chai?"

"Nilidhani unapenda chai."

Shangazi alicheka kule mbele. Baba hakucheka. Akaendelea kushona, gunia zima, mimi nimepiga magoti. Kisha akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza:

"Miaka mingapi?"

"Miwili, baba. Nisamehe. Nilikuonea huruma. Nilijua ukijua utaacha."

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekasirika wiki moja. Wiki mbili. Halafu ningekukalisha kwenye mashine, nikufundishe. Leo ungekuwa na mikono." Akakigusa kile kipande chenye ufa. "Umeninyang'anya miaka miwili, Kalista, na hukuitumia. Ningekuwa nimekwisha kukupa kila kitu."

Sikuwa nimeliona hivyo hata siku moja. Nilijiona binti mwema. Nilijiona ndiye niliyembeba. Kumbe nilikuwa nimemfungia nje ya kazi yake mwenyewe, halafu nikafunga na mlango wangu.

Nikalia. Akaniacha nilie. Shangazi akaingia na sahani ya wali, akatutazama. "Mmemaliza au bado?" akauliza. "Maana wali unapoa, na magunia yamekwisha."

"Mwigulu peke yake," baba akasema, akinawa, "ndiye aliyenichukulia kama mtu mzima."

3 Julai

Tumerudi wote. Baba ameondoa shuka kwenye mashine, akaikunja vizuri, akaniambia nikaifue.

5 Julai

Vipande vitano vimebaki, tunahitaji vinne. Ametoboa kimoja yeye, mimi nikiwa nimeweka mkono juu ya mkono wake. Hakueleza. Alisema tu, "Unahisi? Hapo mti unakataa. Hapo unakubali." Chai tumekunywa mara sita.

9 Julai

Cha pili nimetoboa mimi, mkono wake juu ya wangu. Kimenyooka.

14 Julai

Jumapili. Baada ya misa baba alimwambia paroko mbele ya watu, "Baba, ukihubiri simama upande wa kushoto, sikusikii." Miaka yote hiyo! Paroko alipigwa na butwaa. Baba akavaa kofia akaenda zake.

19 Julai

Leo tumeanza kusawazisha sauti. Alikaa na kisu kidogo, mimi na filimbi.

"Sema," akaniambia.

"Ya tano imelegea kidogo."

"Kidogo ni nini? Mimi sisikii kidogo. Nipe kipimo cha mkono."

Nikafikiri. "Unywele mmoja."

Akakwangua. Nikapiga. "Bado. Nusu unywele."

Akakwangua kama anayemnyoa mtoto mchanga. Nikapiga, ikasimama. Hakuuliza, aliniona usoni. Mpaka mchana tulikuwa na lugha yetu: unywele, punje ya mchele, ukucha. Punje ni kosa la kawaida. Ukucha ni aibu.

Ile filimbi ya pili, iliyotuaibisha Rujewa, ilikuwa na kucha mbili. Alipoambiwa alipapasa matundu yake. Kisha akanipa kisu. "Ikwangue wewe. Hapa mbele yangu."

Nikakwangua polepole kuliko siku zote nilizofanya kwa siri.

24 Julai

Nampigia nyimbo zote kwa kila filimbi: Ireland kupima kama matundu yanajibu haraka, India kupima kama kidole kinateleza bila kukwama, Kuba kupima juu. Na wimbo wa ng'ombe wa Mwigulu, aliotutumia kwa simu na kicheko mwishoni. Huo hauko kwenye sauti za kinanda. Sauti yake ya tatu inakaa katikati ya sauti mbili, mahali ambapo mashine ya kupimia kwenye simu inachanganyikiwa, sindano inayumba huku na huku. Lakini filimbi inafika. Unafunika tundu nusu, unageuza mdomo, inafika. Mti wenye matundu sita tu, na haujaniambia bado kwamba kuna nchi usiyoweza kwenda.

Nikimpigia haya, baba hutazama vidole. Zamani nilidhani anatazama tu.

30 Julai

Ya sita imetoka kitambaani. Ukungu haujainuka siku tatu.

6 Agosti

Zote sita ziko tayari. Kipande kimoja cha mpingo kimebaki. Nilimuuliza tukifanyie nini. "Kisahau kwanza," akasema.

11 Agosti

Jana tulikuwa Mbeya.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa wazazi. Mwalimu Asukile ni mfupi kuliko sauti yake ya simu, na hatulii. Alitupokea langoni, akazifungua filimbi palepale, akazinusa. Wanafunzi wake walikuwa wamefanya mazoezi kwa filimbi za plastiki, na hizi walizipokea kwa mikono miwili. Aliwapa saa mbili tu za kuzizoea. Tuliketi safu ya mbele, baba upande wa kulia kwangu ili sikio la kushoto liwe karibu nami.

Walianza na Ireland, wakakimbia kupita kiasi, wakafika mwisho wakiwa wameachana, watu wakacheka na kushangilia. Ule wa Ufaransa walipokezana wawili wawili. Wa India alipiga msichana mmoja peke yake. Aliteleza kutoka sauti ya kwanza mpaka ya pili kwa muda mrefu hivi kwamba mama mmoja nyuma yetu alisema, "Yesu wangu," kama mtu aliyeona mtoto akitembea ukingoni mwa ukuta. Halafu wote sita wakaingia Kuba.  Zilipanda, zikapanda, zikafika kule juu ambako miaka miwili nilikuwa nafanya kazi kwa kujificha, na zikasimama. Zote sita. Ukumbi uliinuka.

Mwalimu akashika kipaza sauti. Akasema yupo nasi fundi aliyezitengeneza, mzee Philbert kutoka Mafinga, mzee mwenye sikio ambalo Mungu halitoi mara mbili. Watu wakapiga makofi.

"Amesema nini?" baba akaniuliza.

Ningeweza kusema, amekushukuru. Lilikuwa mdomoni. Nikamwambia neno kwa neno.

Baba akasimama. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Ana sauti ya mtu wa mashine, haikihitaji.

"Mwalimu nakushukuru, lakini umekosea," akasema. "Mimi ni kiziwi. Hizo za juu mlizopigia makofi sijasikia hata moja. Nimeona vidole tu." Nikasikia mabati yakilia kwa jua. "Aliyezisikia ni huyu, Kalista, binti yangu. Hizi filimbi zina watu wawili. Akija mtu kwetu akamtafuta mmoja, ajue hakutukuta."

Akaketi. Nikaishika mikono yake. Sikumbuki makofi. Namkumbuka yule msichana aliyepiga wimbo wa India akishuka jukwaani na filimbi yake, akaja mbele ya baba, akainama. Alikuwa ameshajua hatasikia. Alimwekea filimbi mapajani, akamwonyesha tundu la tatu, akalifunika nusu, akamtazama kama anauliza. Baba akamsogeza kidole, upana wa punje moja.

14 Agosti

Ukungu umeinuka mapema. Tulikunywa chai mlangoni, jua likiwa juu ya misindano.

"Ile ya Kuba," baba akasema. "Ikoje?"

"Ikoje vipi?"

"Nimeitengeneza. Nataka kuijua."

Nikaweka kikombe chini, nikamsogelea sikioni. Nikamwambia kwamba kuna ngoma kwa chini, zinatembea kama watu wanaorudi kutoka harusini, hawana haraka. Juu yao violini zinafagia, zinafagia. Filimbi haiji mara moja, inakuacha uzizoee ngoma na violini. Halafu inaingia mahali ambapo hukuitarajia, juu, nyembamba, inang'aa kama waya uliopata jua, na haigusi chini hata ngoma zikiiita. Nikamwambia mahali inapocheka. Nikamwambia mahali inapokaa kwenye sauti moja ikitetemeka, na unadhani itaanguka.

Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya goti, sita, kama vinavyolala juu ya matundu. Nikadhani amesinzia, nikanyamaza.

"Hapo inapotetemeka," akasema, "tundu la pili liko wazi au limefungwa?"

"Nusu," nikasema.

Akakiinua kidole nusu, akakiacha hapo.